Tulishukuru Kabla Hajapona

Nimefundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote nilichojivunia zaidi ni kwamba mtoto hawezi kunidanganya kuhusu ugonjwa. Mwenye homa ya kweli namjua kwa macho. Mwenye homa ya hesabu namjua kwa namna anavyoshika tumbo, maana wengi wao hushika tumbo hata pale wanaposema kinachouma ni kichwa. Walimu wenzangu walikuwa wananiletea watoto wao niwapime kwa jicho, nami nawarudisha darasani mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki kukosea. Nayasema haya mwanzoni ili ieleweke kwamba niliyomfanyia binti yangu sikuyafanya kwa ujinga. Niliyafanya kwa kujiamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Binti huyu ni kitinda mimba wangu. Kaka zake wawili walikuwa wameshaondoka kujitafutia maisha, baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo katika nyumba yetu ya mtaa wa Mlabani, hapa Ifakara, tulibaki mimi na yeye. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, amefaulu vizuri, anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Alikuwa mtoto wa maneno. Akiosha vyombo anaongea, akisukwa nywele anaongea, akila anaongea, na mimi nikirudi kutoka shuleni nimechoshwa na watoto wa watu namwambia, "Hebu nipumzishe masikio." Alikuwa anacheka, anakaa kimya dakika mbili, halafu anaanza tena.

Alianza kuumwa wakati wa Kwaresima, mvua za masika zikiwa zimeshika. Homa kali, maumivu nyuma ya macho, viungo vinauma mpaka hataki kuguswa. Nilimpeleka hospitali nikijua ni malaria, maana hapa kwetu kila mwenye homa tunamwambia ana malaria kabla hata hajapimwa. Haikuwa malaria. Daktari alisema ni homa ya dengi, inaletwa na virusi, na hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Atawekewa maji, ataangaliwa, na mwili wenyewe ndio utakaopigana. Nilikasirika kimoyomoyo. Nilijiuliza ni hospitali gani hii inayomwachia mtoto apigane peke yake.

Siku ya nne fizi zikaanza kutoa damu. Daktari akasema siku mbili zinazofuata ndizo za hatari. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido pamoja na akina mama wa jumuiya yetu ya Kikristo, waliokuja na uji kwenye chupa ya chai, na hapo hapo mbele yao nikaweka nadhiri kwa sauti. Nilisema Mungu akiniachia mtoto huyu, nitamtolea misa ya shukrani, nitapeleka mbuzi mmoja na gunia zima la mchele, tena mchele wetu mzuri unaonukia, si ule wa kuchanganya. Wenzangu wakaitikia amina. Mmoja wao akaniambia hapo umesema, mama, sasa ulale.

Siku ya tisa tukaruhusiwa. Muuguzi aliyetuandalia karatasi alikuwa binti mdogo, labda alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Aliniambia, "Mama, homa imeisha, ila vijana wengine wakitoka kwenye ugonjwa huu wanabaki na uchovu na huzuni kwa wiki nyingi. Ukiona halali, au analia bila sababu, au hataki kitu chochote, mrudishe. Na hata asipokuwa na shida, mje baada ya wiki tatu." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, huku nakunja mashuka. Nilikuwa nafikiria mbuzi.

Kwetu nadhiri ni kitu cha kuogopwa. Tunaamini ukishapewa ulichoomba halafu ukaanza kujivutavuta, kinaweza kuchukuliwa tena, na karibu kila mtaa una kisa chake cha mama aliyechelewesha mbuzi. Mimi sikutaka kuwa kisa cha mtaa wetu. Jumapili ile baada ya Pasaka, binti yangu akiwa hajamaliza hata wiki mbili tangu atoke hospitali, tulikuwa kanisani. Wanajumuiya walivaa vitenge vya sare. Nilibeba mchele kichwani, mwenyekiti wa jumuiya akamvuta mbuzi, na binti yangu akatangulia na mshumaa. Gauni lake jipya lilikuwa linamzunguka kwa jinsi alivyopungua. Mbuzi akalia katikati ya matangazo, kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipogeuka kumwangalia binti yangu, ambaye kwa kawaida angekuwa wa kwanza kuangua kicheko, nilikuta anaangalia mshumaa.

Baada ya misa watu walikuja nyumbani. Tulifunga turubai, tukapika pilau, tukakodi viti. Watu wakiwa wameshaanza kula, mwenyekiti akasimama akasema tumsikie mgonjwa wetu wa zamani kwa kinywa chake mwenyewe. Binti yangu akasimama. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wote kwa sala, halafu akasema, "Ila naomba mzidi kuniombea, maana mimi naona bado sijapona. Mwili umetoka hospitali lakini mimi mwenyewe naona kama sipo."

Vijiko vilisimama. Mtu mmoja akakohoa. Nikamshika binti yangu mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, nikacheka, nikasema, "Anasema miguu! Miguu bado haina nguvu, jamani, mtoto katoka kuugua!" Watu wakapumua, wakacheka, mmoja akapiga kigelegele, sahani zikaendelea. Binti yangu akaketi. Alikuwa amesema waziwazi, mbele ya watu wasiopungua themanini, katika Kiswahili kinachoeleweka, na mimi mama yake nikamsemea maneno mengine.

Wakati wa kukusanya vyombo, yule mama aliyeniambia nilale siku ile hospitalini akanivuta pembeni. Akasema, "Mwenzangu, angalia sana. Baada ya shukrani ndipo shetani anapokuja na maneno ya mashaka. Ukikiri ugonjwa tena, umemfungulia mlango." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, maana hata kama asingesema yeye, mimi ningejiambia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya altare nikatangaza amepona. Akiwa hajapona, mimi nimesema nini pale mbele?

Wiki zilizofuata nilimwona akilala mchana kutwa na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Alikuwa analia akiwa anakunja nguo, na nikimwuliza kinachomliza anasema hajui. Hakutaka kwenda kwa rafiki zake. Nywele alizozipenda zilikaa wiki tatu bila kuchanwa mpaka nikazikata. Maneno yote yalikwisha. Nyumba ikawa kimya, na nakiri kwamba siku mbili tatu za kwanza niliufurahia ule ukimya.

Nilimwazimia vitabu vya kidato cha tano ili aanze kujiandaa. Nikamkuta amefungua ukurasa mmoja asubuhi, na mchana ukurasa ni ule ule. Nikafanya kama ninavyofanya darasani. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma mistari mitatu vizuri kabisa. Nikamwuliza amesoma nini.

"Sijui, mama. Maneno yanaingia halafu yanamwagika."

"Ugonjwa huo naujua," nikamwambia. "Unaitwa uvivu, na dawa yake ninayo."

Hakubisha. Zamani angebisha mpaka jua linazama.

Nilimpima malaria: hana. Nikamshuku mimba, nikampeleka akapimwa bila hata kumwambia anapimwa nini: hana. Damu inatosha, mkojo safi. Kila karatasi iliyorudi safi iliniongezea hasira, kwa sababu kila moja niliisoma kama ushahidi dhidi yake. Kama kila kitu ni safi, basi anajifanya. Na mtoto anayejifanya, mimi ndiye mtaalamu wake.

Jumuiya husali kila wiki kwa kuzunguka nyumba za wanajumuiya. Zamu yetu ilipokaribia, nilimwita jikoni, na huku nakata vitunguu nikamfundisha cha kusema. Wakikuuliza unaendeleaje, unajibu, "Nimepona, namshukuru Mungu." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aseme kwa uchangamfu kidogo. Akarudia kwa uchangamfu kidogo. Siku ya sala alijibu hivyo hivyo kwa kila mtu, nao wakanipongeza kwa mtoto mwenye imani.

Ile siku ya kurudi hospitali, baada ya zile wiki tatu, tulikwenda. Nataka nijipe hilo, kwamba tulikwenda. Tulifika mpaka foleni ya kliniki, nikaona akina mama wawili wa kwaya wamekaa kwenye benchi na wajukuu wao. Walikuwa hawajatuona. Nikamshika binti yangu bega nikamgeuza. Nikamwambia, "Twende zetu, mtu mzima hapotezi siku kwa kumsumbua daktari." Aligeuka kuutazama mlango wa kliniki mara mbili kabla hatujafika getini. Nilimwona, nami nikaongeza mwendo.

Shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya mto Kilombero. Unavuka daraja, unafuata barabara ya kwenda Malinyi, kisha unaingia bondeni. Wakati ule mpunga ulikuwa umechanua na kuanza kujaa, na kwelea kwelea walikuwa wameshafika. Wanatua kama mtu kamwaga gunia la ndege, na wakiachwa asubuhi moja tu wanakuachia mabua. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, yaani kitanda cha miti juu ya nguzo chenye paa la nyasi, na juu yake anakaa mtu wa kuamia ndege. Kazi yake ni kuvuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele. Hakuna kuinama wala kubeba, na upepo unakupiga. Ndiyo maana kwetu kazi hiyo hupewa mtoto, au mzee, au mtu anayetoka kuugua. Wazazi wangu walinipeleka huko nilipopona surua, nikarudi nimenenepa. Nikaona hii ndiyo dawa. Atapata hewa, atapata jua, ataacha kulala.

Kitu ambacho sikukikumbuka ni kwamba mimi nilikwenda na dada zangu watatu, na tulicheka kutwa nzima mpaka ndege wenyewe wakatuzoea. Yeye nilimpeleka peke yake. Angelala kwa jirani yetu wa shamba, mama mmoja mtu mzima mwenye kibanda kizuri, lakini tangu kunakucha mpaka jua linapozama angekuwa juu ya dungu bila mtu wa kusema naye.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kumwona. Tulipokaribia sikusikia kopo hata moja likilia. Nikashuka, nikaanza kutembea juu ya kingo za majaruba ya mpunga, na mbele yangu upande mzima wa juu wa shamba ulikuwa umekolea ndege. Nilianza kupiga kelele kutoka mbali. Nilipanda ngazi ya dungu na viatu vyenye matope, nikamkuta amekaa, amekumbatia magoti, kamba ziko miguuni pake, macho yanaangalia ndege wale wale.

Nilimpiga kofi. Alikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa nimempiga tangu akiwa darasa la tano. Hakuinua mkono kujikinga.

"Ndege nawaona, mama," alisema. "Naiambia mikono ivute kamba, haivuti." Halafu akanishika khanga, pindo lile la chini, kama alivyokuwa ananishika akiwa mdogo sokoni. "Mama, naomba usiniache tena peke yangu huku. Nina mawazo mabaya. Naogopa nitakuja kujidhuru."

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, nikijaribu kulipa jibu jingine. Kuna majibu mengi mazuri. Ningeweza kukaa chini tu, bila kusema kitu, hilo nalo lingetosha. Lakini siku ile mdomo wangu ulisema hivi: "Usiyarudie maneno hayo! Tumeshamshukuru Mungu mbele ya watu. Sasa unataka tumwambie nini, kwamba tulimdanganya?"

Alinitazama muda kidogo. Nilidhani anatafakari makosa yake. Kisha akaachia khanga yangu, akasema, "Samahani, mama," akaokota kamba, akavuta. Makopo yakalia shamba zima, ndege wakainuka wote kwa pamoja, na mimi nikafurahi. Nikamwambia unaona sasa, ni kujitia moyo tu. Nikamwachia mkate na sukari niliyomletea, nikarudi barabarani. Nilimwacha pale pale alipoomba nisimwache, na njiani nikawa namsimulia kijana wa bodaboda kwamba watoto wa siku hizi wanahitaji msimamo.

Kesho yake nilipotoka kanisani simu ikaita. Ilikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayeishi Malinyi. Huyu ni mwanamke anayeuza kambale wakavu sokoni, hakumaliza darasa la saba, na sauti yake hupenya nyumba mbili. Tulikuwa tunataniana kama mawifi wanavyotaniana, ila utani wangu siku zote ulikuwa na mwiba ndani. Nilimwona mtu wa kelele tu.

"Wifi, mtoto yuko kwangu," alisema. "Alinipigia jana jioni, nikaenda kumchukua."

"Mrudishe shamba. Ndege wanamaliza mpunga."

"Waache wale. Na kama unawaonea uchungu, panda dunguni ukawafukuze wewe."

Akakata simu. Mwalimu mzima, nimekatiwa simu na muuza kambale. Nilikaa na hasira hiyo siku sita. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba binti yangu kaenda kumsalimu shangazi yake. Siku ya saba nikapanda gari kwenda Malinyi kumchukua, nimeshapanga hotuba yangu yote, chane ya ndizi mkononi kwa ajili ya adabu.

Nyumba ya wifi ina uzio wa matete, na ukija kutoka stendi unafikia upande wa nyuma. Ilikuwa saa saba mchana. Kabla sijazunguka kwenda mlangoni nikasikia sauti ya binti yangu. Alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea mfululizo, kwa ile kasi yake ya zamani ya kuosha vyombo, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kwaresima. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Alikuwa anasema kwamba asubuhi anapoamka kuna dakika moja hivi anasahau, halafu anakumbuka kwamba yupo, na hapo ndipo siku inapoharibika. Anasema chakula anakitafuna mpaka kinakuwa kama karatasi. Anasema anajua kwamba ananipenda mimi na kaka zake, anajua kichwani kama anavyojua majina ya mikoa, lakini ndani hausikii ule upendo, na hilo linamtisha kuliko homa. Anasema pale dunguni alihesabu watu watakaopumzika yeye asipokuwepo, na namba moja alikuwa mama.

Wifi yangu hakutoa hekima yoyote. Nasema kweli, nilisimama pale karibu nusu saa na sikumsikia akitoa ushauri hata mmoja. Nilisikia kisu kikipasua samaki, na kila baada ya muda nikamsikia akisema, "Enhe." Au, "Halafu?" Mara moja tu alisema, "Pole, mwanangu," na kisu kikanyamaza kidogo, kisha kikaendelea.

"Kwa nini hukumwambia mama yako?" aliuliza baadaye.

"Nilimwambia, shangazi. Kila nikimwambia, inakuwa nimemkosea Mungu."

Nikazunguka uzio nikaingia. Hotuba yote ilikuwa imeniishia. Nilitaka kumwambia nimesikia, nilitaka kumwomba aendelee pale pale alipoishia, mimi nitakaa chini hapo kwenye magamba ya samaki nisikilize. Lakini aliponiona alifunga mdomo kama mtu anayefunga duka. Akasimama, akanipokea ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaendeleaje, mwanangu?"

"Nimepona, namshukuru Mungu."

Alilisema kwa ule uchangamfu kidogo. Wifi yangu akainamia samaki wake.

Nililia siku ile, kwa sauti, mbele yao wote wawili, na binti yangu akaja kunibembeleza. Ndivyo ilivyokuwa: yeye ananifuta mimi machozi na kuniambia usijali, mama, nipo sawa. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kuniambia yupo sawa, mpaka wifi akanikatiza, akaniambia, "Wifi, hebu nenda kaoge, unamchosha mtoto." Nikaenda kuoga.

Wifi alikuwa ameshampeleka hospitali ya pale, na wakaandikiwa barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili huku kwetu Ifakara. Siku ya miadi iliangukia siku ya soko, kwa hiyo wifi akaniachia mimi nimpeleke. Nilishukuru kwa nafasi ile kuliko nilivyowahi kushukuru kwa kitu chochote. Tulipita mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye mabenchi, wanakwaya wakiwemo, na nikawasalimia mmoja mmoja kwa majina, nikawaambia tunakwenda mlango wa mwisho, ule wa afya ya akili. Nilitaka binti yangu anisikie nikisema.

Muuguzi wa pale alikuwa mwanamume wa makamo, mtaratibu. Alieleza kwamba baadhi ya vijana wakitoka kwenye maradhi ya virusi, akili inabaki nyuma kama mtu aliyeachwa na gari, na kwamba huu si uvivu wala si imani ndogo. Kuna dawa, kuna mazungumzo ya kila wiki mbili, na inachukua muda. Akaongeza kwamba hawezi kuahidi lini. Akauliza kama mgonjwa aliwahi kusema mapema kwamba hajisikii vizuri.

"Alisema," nikajibu. "Mara nyingi."

Hakuniuliza zaidi. Nadhani wanafundishwa kutouliza zaidi.

Mwaka ule binti yangu hakwenda shule. Jina lake lilitoka, shule nzuri, na siku ya kuripoti ikapita akiwa amelala. Sasa anapata siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya bado ni nyingi. Amerudi Mlabani kwa ajili ya kliniki. Ninapika anachopenda, anakula nusu, anasema asante. Nimejifunza kusema enhe. Nasema enhe, nangoja, na yeye ananiambia mvua inaonekana itanyesha, au mwalimu fulani amehama. Nimemwomba msamaha mara nyingi kiasi kwamba sasa ananiwahi, anasema yalikwisha, mama. Halafu anachukua simu yake anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, na kupitia dirishani namsikia akiongea na Malinyi, anaongea, anaongea.

Wiki iliyopita kliniki walikuwa wanabadilisha mafaili. Muuguzi akafungua jipya, akauliza umri, akauliza anapoishi, kisha akafika kwenye mstari wa mtu wa karibu. Akamweleza binti yangu kwamba haandiki tu jina la mzazi kwa sababu ni mzazi. Anataka mtu ambaye siku akizidiwa na yale mawazo, saa yoyote ile, anaweza kumpigia na kumwambia ukweli.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mabega yetu yanagusana. Nikaanza kutaja namba yangu. Nilifika tarakimu ya tatu, na yeye akawa anataja namba nyingine, taratibu, kwa kichwa, mpaka mwisho. Ilikuwa ya shangazi yake.

Muuguzi aliandika, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akauliza kama aongeze na namba ya mama hapo chini, nafasi ipo. Binti yangu alifikiri kidogo. Kisha akajibu kwa heshima zote, kama anavyojibiwa mgeni anayekaribishwa chai, kwamba hapana, asante, hiyo moja inatosha.